Mgeni Aliyekuja na Jina la Mke Wangu

Mke wangu alimwambia mwanaume mwingine afungue kinywa, halafu akamsugua shavu kwa ndani kwa kijiti cha pamba. Taratibu, kama anayemlisha mtoto uji.

Mimi nimesimama palepale jikoni na kikombe changu cha chai.

Na nyumba ni yangu, jamani.

"Clive, sogea kidogo, unanizibia mwanga," akaniambia.

Ninaziba mwanga! Mimi!

Ngoja niwaeleze ilikuwaje mpaka tukafika hapo, maana nikiendelea hivi mtasema mzee huyu kachanganyikiwa.

Naitwa Clive Smith. Naendesha lori la kukusanya maziwa kwenye mashamba ya bonde letu, Yorkshire. Ingia baa yoyote ya Uingereza uite "Smith!", watageuka watu wanne na mbwa mmoja. Jina lenyewe maana yake mhunzi tu. Zamani kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo akina Smith tumezagaa kama magugu, na wengi wala hatuna undugu.

Mke wangu ni Marian Hebblegarth.

Hao sasa ni wa kuhesabu. Jina lao limetoka mahali pamoja tu duniani, shamba moja huko juu bondeni kwetu, kando ya kijito chenye daraja la ubao. Kwa lahaja ya wazee wa huku ndiyo maana yake, boma la darajani. Aliyeishi pale enzi hizo akaitwa hivyo, watoto wake wakabaki nalo. Siku hizi ni magofu, wanalala kondoo.

Tulipotaka kuoana Marian alinipasulia ukweli. "Clive, nakupenda mno. Ila jina lako, hapana."

Nikacheka. Nilikuwa kijana, kichwani nina nywele. Nikaona si neno.

Alipostaafu ualimu ndipo mambo yalipoanza. Akaunda chama cha akina Hebblegarth wa dunia nzima. Akashusha picha yetu ya harusi ukutani, akabandika ramani. Kila palipo na Hebblegarth anachoma pini nyekundu.

Yorkshire pini za kutafuta kwa tochi, tena za wazee watupu. Lancashire kwenye miji ya viwanda vya pamba, kidogo. Kanada, kidogo. Halafu huko chini kabisa, kisiwa cha Tasmania, pini zimejaa mpaka kisiwa hakionekani.

"Machimbo ya madini yetu yalipokufa watu walikimbilia huko kuchimba bati," Marian akanieleza. "Mmoja wetu alikwenda na mkewe, wakazaana. Hebblegarth wengi wa leo ni uzao wake."

Mmoja wetu. Mnasikia hiyo "wetu"? Mimi simo.

Kila asubuhi nikirudi na lori namkuta kwenye kompyuta anacheka peke yake. "Unacheka na nani?" "Lachlan wa Tasmania." Nikikohoa, Lachlan. Tukila, Lachlan kasema hivi. Nikafika mahali nikawa nalichukia jina la mtu ambaye sijawahi kumtia machoni.

Halafu akaja.

Nilimfikiria kibabu kimoja hivi chenye miwani. Wapi! Lachlan Hebblegarth alishuka kwenye gari, mtu mrefu, kachomwa jua vizuri, meno meupe kama ya kununua. Mjane wa miaka sitini. Akamkumbatia mke wangu palepale mlangoni.

"Binamu!" akamwambia.

"Karibu nyumbani!" Marian akajibu, machozi yanamlengalenga.

Mimi nikabeba masanduku.

Alikuja kukaa majira yote ya joto, chumba chetu cha wageni, mpaka siku ya mkutano mkuu wa chama chao mwishoni mwa Agosti. Kulipopiga baridi kidogo Marian akampa sweta langu la kijani. Likamkaa vizuri kuliko mimi. Hilo ndilo liliniuma zaidi, sijui kwa nini.

Basi siku ile ya vijiti ilikuwa ni hivyo vipimo vya vinasaba. Marian alikuwa anakusanya vya wanaume wote wa jina lao, vya kufuata damu ya upande wa baba, ili matokeo yasomwe mkutanoni.

"Na mimi nipime," nikasema.

"Wewe wa nini? Hivi ni vya akina Hebblegarth."

"Kimebaki kijiti kimoja. Nipime."

Lachlan akacheka. "Mpime tu, Marian, asijisikie vibaya."

Asijisikie vibaya! Nikafungua kinywa kama mamba. Marian akanisugua harakaharaka kama anasugua sufuria iliyoungua. Mmeona tofauti?

Kule baa nako hakukuwa na nafuu. Nev, mwuza nyama wetu, alinidaka mlangoni.

"Smith, nasikia mwenye nyumba karudi?"

"Mwenye nyumba gani?"

"Hebblegarth na Hebblegarth, baba. Wewe pale mpangaji tu. Kodi unalipa?"

Baa nzima ikaangua kicheko. Nikacheka nao. Bia ikawa inashuka kama shubiri.

Kuanzia hapo nikawa chizi. Nanusa blanketi za gari. Nahesabu vikombe kwenye sinki. Wakienda kutembea naangalia saa, wakirudi naangalia viatu. Mtu mzima na akili zangu.

Jumapili moja mchana wakasema wanapanda kule shambani kwao, kwenye magofu. Nikawaacha watangulie, nikafuata kwa nyuma. Nikajibanza kwenye ukuta wa mawe, kondoo wananitolea macho.

Nikachungulia.

Marian kaegemea bega la Lachlan. Analia. Na yule jamaa kamzungushia mkono, na ule mkono umevaa sweta langu.

Damu ikanipanda kichwani. Nikaparamia ukuta. Ukuta wenyewe wa zamani, haukujengwa kubeba dereva wa kilo mia. Ukaporomoka nami, mawe huku, mimi kule, kondoo wakatawanyika wanapiga kelele. Nikainuka nina matope mpaka masikioni.

"Toka kwangu leo hii!" nikamfokea Lachlan. "Umekula chakula changu, umevaa nguo yangu, sasa unataka na mke?"

"Clive, rafiki yangu, sivyo unavyo..."

"Usiniite rafiki! Na wewe Marian, kama unalipenda jina hivyo, si ungeolewa nalo?"

Lachlan akasimama. Akavua sweta, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. Jioni hiyo akahamia nyumba ya wageni kijijini.

Marian aliniambia neno moja tu tulipofika nyumbani, amesimama kwenye ngazi amenipa mgongo.

"Mimi ndiye Hebblegarth wa mwisho bondeni humu, Clive. Mimi na wewe hatukujaliwa mtoto, nikifa jina limeisha lilikozaliwa. Ndicho nilichokuwa namwambia. Yeye aliniuliza nalia nini. Wewe ulivunja ukuta."

Akapanda juu. Akafunga mlango.

Wiki zilizofuata tuliishi kama abiria wa basi moja. "Chumvi." "Asante." Basi.

Siku ya mkutano niliambiwa nisiende. Nikaenda. Nilikuwa na kisingizio kizuri, shangazi yangu Edna, dada yake marehemu baba, wa makao ya wazee, ambaye hapitwi na shughuli yenye keki. Nikamsukuma kwenye kigari chake mpaka ukumbi wa kanisa, tukakaa nyuma kabisa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wazee wa Yorkshire, wa Lancashire, mama mmoja kutoka Kanada, na Lachlan mbele kabisa kwenye kiti cha heshima. Sikumtazama. Sawa, nilimtazama.

Baada ya watu kula mkate wa nyama na njegere, Marian akawasha mashine ya picha, matokeo, ambayo hata yeye alikuwa hajayafungua, yakatokea ukutani. Yale ya vijiti.

"Wa Yorkshire na Lancashire, damu moja," akasoma kwa furaha. Makofi. "Wa Kanada, ileile." Makofi. "Na Tasmania..."

Akakodolea ukuta macho.

Akasogeza miwani. Akasogeza kompyuta.

"Tasmania vipi?" mzee mmoja akauliza.

"Lachlan hafanani na yeyote humu," Marian akasema polepole. "Upande wa baba, si Hebblegarth."

Watu wakatazamana.

Nisiwafiche, nilisikia raha. Raha ya kishenzi, kuanzia tumboni mpaka kwenye vidole. Nikasema moyoni, haya sasa, mwenye nyumba, kodi unalipa?

"Ila kuna anayefanana naye," Marian akaendelea. Akanyanyua macho, akanitafuta mpaka nyuma kabisa. "Clive Smith."

Watu wote wakageuka. Nev aliyekuja kuuza nyama ya mkutano akaangusha kisu.

"Mimi?" nikasema. Raha yote ikayeyuka. "Mimi nimefanyaje?"

Hapo ndipo Shangazi Edna alipopiga kigari chake kofi.

"Enoch!" akasema kwa sauti. "Mbwa yule!"

"Enoch gani, Shangazi?"

"Kaka yake babu yangu. Enoch Smith, mchimba madini. Alitoroka na mke wa Ralph Hebblegarth wa kule shambani. Walipanda meli, hawakuonekana tena. Kwetu ukilitaja jina lake mama anakufinya mpaka unatoka damu."

"Shangazi! Kwa nini hukutuambia miaka yote?"

"Mliniuliza? Kila mkija mnaniuliza kama nimekula."

Lachlan alikuwa amesimama, mweupe kama karatasi. "Huyo mwanamke aliitwaje?"

"Hannah," Edna akajibu. "Alikuwa na sauti nzuri kanisani, babu alisema."

"Hannah," Lachlan akarudia. "Bibi yetu wa kwanza kule. Kaburi lake nalipalilia mimi."

Akatoka nje.

Kila mtu ukumbini alishapiga hesabu. Hannah alikuwa na mume hai, Enoch asingeweza kumwoa. Kule ugenini wakaona mwanaume kubadili jina ni rahisi kuliko mwanamke kupata talaka. Smith akajiita Hebblegarth, wakaishi kama mume na mke wa halali. Kwa hiyo zile pini zote za Tasmania, kisiwa kizima kile chekundu, ni watoto wa Smith.

Na mimi mjinga majira yote ya joto namlinda mke wangu asiibiwe na Hebblegarth. Kumbe wezi wa wake ni sisi!

Nikamfuata Lachlan. Sijui nilikusudia nini. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za kanisa, mikono mirefu ile inaning'inia.

"Nenda tu ukafurahi, Clive," akasema. "Umeshinda."

"Nimeshinda nini?"

"Nimevuka dunia nzima kuja kusimama kwenye shamba la mababu zangu. Kumbe si letu. Nikawaambie nini ndugu zangu kule? Kwamba sisi ni uzao wa mwizi?"

Nikakaa kando yake. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali tangu ile Jumapili ya ukuta. Hata moja halikuja.

"Mwizi wa kwetu, basi," nikasema. "Sisi tuko wengi, hutakosa pa kulala."

Akageuka kunitazama. Kwa mara ya kwanza nikamwangalia sawasawa, bila kuangalia meno. Mungu wangu. Pua ya marehemu baba, vilevile, mpaka pale inapopinda.

Nyuma yetu mlango ukafunguliwa. Marian. Alikuwa amelia, lakini uso ulikuwa unang'aa.

"Hannah hakuondoka na mtoto wake," akasema. "Alimwacha kwa Ralph, mtoto wa kiume, ananyonya bado. Yule ndiye baba wa babu yangu. Sisi tuliambiwa Hannah alikufa." Akachuchumaa mbele ya Lachlan, akamshika mikono yote miwili, na mimi nikaona sawa tu. "Hannah ni bibi yangu na mimi. Pale ulisimama kwenye shamba la bibi yako, Lachlan. Hakuna wa kukutoa."

Halafu akanitazama mimi, na nikajua ameshaona kile ninachokiona.

Damu yangu kwa Enoch na damu ya Marian kwa Hannah, ndani ya mtu mmoja. Kitu hicho mimi na Marian tulikiomba ujana wetu wote, kwa madaktari na kwa Mungu, hatukupewa. Sasa kimekuja chenyewe, kina miaka sitini, kimekaa kwenye ngazi za kanisa kinapenga kamasi.

Usiku ule Lachlan alirudi chumba chetu cha wageni. Masanduku nilibeba mimi tena, na safari hii kwa hiari yangu. Alipoondoka Septemba alituachia tiketi, na Krismasi tulikwenda kula kwao, kwenye jua kali, meza ndefu yenye Hebblegarth watupu, kila wa pili ana pua ya baba yangu. Walijadiliana kama wabadili jina. Watoto wakakataa. Wakasema Smith wako wengi mno.

Nami nikawaelewa.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, wivu una macho makali lakini unaangalia upande mmoja tu. Utaona mkono uliomshika mkeo begani, hutaona machozi yanayoanguka. Kabla hujamfukuza mgeni, keti na mwenzako umuulize kinachomliza. Na kama utaona aibu kuuliza, basi angalau usiparamie ukuta wa zamani. Mgongo bado unaniuma mpaka leo.