Inakunywa Maji Mingi

Daftari lile bado ninalo. Kwenye ukurasa wa gari la Koboko, mstari wa nne, nimeandika: "Linakunywa maji mengi. Asubuhi linakataa kuamka." Chini yake nimepiga mistari miwili kwa rula.

Kazi yangu ni kufunga sola. Kwa miaka mingi nilibeba paneli kwenye pikipiki, na njia za Abuku zimenivunjia kadhaa, kwa hiyo nilihitaji gari. Nikasikia kwamba dereva mmoja mstaafu wa malori, huko Koboko, anauza lake. Watu walilitaja kwa kasoro moja tu: lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita laki tatu. Nilisoma wiki mbili kuhusu injini zilizochakaa, nikaandika maswali thelathini na moja, nikamwomba fundi jirani yangu hapa Arua, Uganda, anisindikize.

Karibu kila ninachokijua nimejifunza mwenyewe vitabuni, hata Kiswahili. Nyumbani kwetu Logiri tulisema Kilugbara, na Kiswahili tulichokisikia kilikuwa cha sokoni na cha askari, ambamo "iko" moja inatosha kwa kila kitu: mtoto iko, ng'ombe iko, chumvi iko. Mama yangu alikisema hivyo hadi alipofariki. Mimi nilipata kitabu cha sarufi kisicho na jalada, nikazikariri ngeli zote peke yangu, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kusahihisha wenzangu. Watoto wangu wakisikia naingia, hubadili lugha.

Mwenye gari alikuwa mzee mrefu, mtoto wa askari, aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alipoona daftari langu akasema, "Karibu, mwalimu." Mimi si mwalimu. Fundi akacheka.

"Huyu iko mwalimu ya kila kitu, mzee. Chunga mdomo yako."

Mzee akawasha dashibodi tusome. "Kilomita hii ni ya kweli. Watu iliniambia nirudishe nyuma kidogo, mteja asiogope. Nilikataa. Gari iko kama mutu. Umri yake haifichwi."

"Gari liko, mzee," nilimwambia. "Siyo gari iko."

"Liko," alirudia polepole, kama mwanafunzi. "Sawa. Liko."

Fundi aliingia uvunguni. Mimi na mzee tukakaa barazani na chai, nikafungua daftari. Swali la nne lilikuwa: kwa nini unauza? Niliona kwamba anautazama mlango wenye pazia nyuma yetu, na gari lilikuwa upande mwingine. Niliona, lakini sikulitilia maanani.

"Imechoka," alisema. "Zamani ilikuwa na nguvu. Nilienda nayo mpaka Yei, mpaka Juba, hailalamiki. Sasa inakunywa maji mingi. Inakunywa, inakunywa, haishibi. Asubuhi inakataa kuamka. Miguu pia iko na shida. Nilipeleka Arua mara mbili. Walipima, walisema hii ni ya kuchunga tu mpaka mwisho."

Nilisikia raha. Ndiyo, raha ndiyo neno lake. Gari linalokunywa maji lina ugonjwa ninaoujua kwa kurasa zake, na miguu niliielewa kuwa ni magurudumu. Yeye alisema "inakunywa". Mimi niliandika "linakunywa", kwa sababu gari ni la ngeli ya li, na nilidhani ninamsaidia.

"Likishafika hapo, mzee, halitunzwi tena," nilisema, kwa sauti ya mtu anayetoa somo. "Unajichosha bure. Mwenye akili huliacha akatafuta jingine jipya."

"Nyingine?"

"Jipya kabisa."

Aliweka kikombe chini. "Tumetembea pamoja miaka thelathini na nne, mwalimu."

Kadi ya gari haikufikisha miaka hiyo. Nikadhani anahesabu miaka ya udereva wake, nikaweka alama ya kuuliza pembeni. Kisha nikamwambia kwamba kwa hali hiyo bei ipungue nusu.

Fundi akaja akijifuta mikono. "Rejeta imejaa maji mpaka mdomo. Oili iko safi. Hii gari ni nzima."

"Mwenyewe amekiri linakunywa maji."

Fundi akamgeukia. "Mzee, gari inakunywa maji?"

"Gari?" Mzee alinitazama mimi, si fundi. "Gari haina shida. Nilikuwa nasema mama ya watoto. Iko na sukari. Nauza gari nitafute chumba Arua, karibu na hospitali."

Nyuma ya pazia kikombe kiligonga mtungi. Kisha sauti ya mwanamke, dhaifu lakini ya adabu, ikauliza, "Wageni ilikunywa chai?"

Kutoka alipokuwa hadi nilipokaa ni hatua tatu. Alikuwa amesikia yote.

Fundi alivua viatu, akaingia kumsalimu. Mimi nilibaki nimekaa. Mzee ndiye aliyejaribu kuniokoa. "Hapana kitu, mwalimu. Swahili yangu iko mubaya." Nilipaswa kumwambia kwamba haikuwa mbaya, kwamba ilikuwa lugha ya mama yangu na ningeielewa kama nisingejizoeza kutoielewa. Nilisema tu kwamba nitafikiria, nikafunga daftari.

Kulinunua au kuliacha? Ningelinunua kwa bei yake, ingekuwa kama ninalipia kosa. Ningeliacha, chumba cha Arua kingechelewa kwa sababu ya aibu yangu. Tulipofika kwa fundi, aliniambia, "Maswali thelathini na moja, ndugu yangu. Hakuna hata moja ya kuuliza: nani?"

Baada ya siku nne nilirudi peke yangu, nikalilipia kama alivyotaja mwanzoni. Mzee aliomba jambo moja: kwa kuwa ninarudi Arua, niwachukue. Yule mama alikaa mbele, mzee nyuma na magodoro. Tangu alfajiri nilikuwa nimetayarisha sentensi ya kumwomba radhi, nimeipanga vizuri, kila kitenzi na nafsi yake. Tulisimama mara tatu anywe maji. Kila mara nilizima injini nikatazama kioo cha pembeni hadi amalize.

Tulipofika Ombaci alipapasa dashibodi, penye namba ndefu za kilomita.

"Gari yako iko muzuri," alisema.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Iko."

Sentensi yangu sikuisema. Nikawashusha karibu na hospitali, nikabeba magodoro.