Mto wa Kuazima

Dada yangu mkubwa aliuliza swali moja tu kwenye simu, kama huko Qatar kuna mto. Nikamwambia upo, tena naujua, nimeshalala kandokando yake mara nyingi.

Mto wenyewe ni mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko, kaskazini ya Doha. Majira ya baridi, tukibahatika kupata mapumziko yanayolingana, tulikuwa tunakodi kayaki, tunapakia hema, mchele, maji ya kunywa na mishipi, tunapotea huko siku mbili tatu. Tulikuwa watatu. Mimi ni mlinzi wa jengo la ofisi. Wa pili ni Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja Al Mansoura, naye mlinzi. Wa tatu ni Mzanzibari, dereva, mwenye gari kuukuu linalotufikisha. Saa za kuingia majini na za kutoka alipanga yeye, sisi tulifuata tu.

Mimi ndiye niliyepaita pale mtoni. Maji yanapita kati ya miti, yana kingo, yana kona, ndege wanasimama kwenye tope. Kwa mtu wa Kilombero huo ni mto. Mzanzibari alikuwa akiniambia kila safari kwamba ule si mto, ni bahari imeingia kutembea, na mimi namjibu kwamba watu wa kisiwani mto wataujulia wapi.

Baba alikuwa mvuvi wa mto halisi. Hakuwa wa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Alishuka na mtumbwi siku kadhaa, analala kwenye mchanga katikati ya mto, anavua na kubanika samaki huko huko. Nilipopata nguvu za kushika upondo akaanza kunichukua. Alikuwa mkali. Kasia likichukuliwa na maji, usilifuate. Wavu ukikatika, usiulilie. Kilichoondoka na mkondo hakukitazama mara mbili.

Lakini mtu huyo huyo kila safari alisahau chumvi. Tumeshaagana na mama, tumepita kona ya kwanza, anasema, "Chumvi," na kugeuza mtumbwi. Tunapiga kasia kuupanda mkondo mpaka mabega yanawaka moto, na mama tunamkuta palepale ukingoni, amesimama na kifuko mkononi. Baba anakipokea. Wanatazamana kidogo, hawasemi kitu, tunaondoka tena. Nilikuwa naudhika sana. Sikuelewa kwa nini mama asimpe ile chumvi mapema tukaokoa nguvu zetu.

Baba alizikwa mimi nikiwa zamu. Msimamizi alisema likizo yangu bado haijafika, na alisema kwa sauti ya mtu ambaye angependa kusema vingine. Mazishi niliyaona kwenye simu, ndani ya kibanda cha ulinzi, huku nainua kizuizi kila gari lilipofika. Watu walinisalimia, nami nikaitikia. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama siku ile.

Ijumaa iliyofuata tulimwombea kanisani, Mesaimeer. Watanzania wenzangu walinishika mkono mmoja mmoja na nilishukuru, lakini kwetu msiba hauishi kwa sala peke yake. Katika ukoo wetu watoto wote wa marehemu hunyolewa, na nywele za kila mmoja hufungwa kwenye jani la mgomba, zikapelekwa na maji yanayotembea. Mpaka mtoto wa mwisho amalize, mjane haondoki kwenye mkeka. Ndugu zangu walikuwa wameshamaliza. Nilibaki mimi, na mama alikuwa bado chini, miguu imeanza kumvimba. Dada aliniambia kuna wazee walioshauri nirukwe, mtoto aliyeko Arabuni ahesabiwe kuwa ameshanyoa. Mama alikataa. Alisema atakaa.

Jani nililipata Najma, kwenye duka la Wahindi wa Kerala, ambao hula chakula chao juu yake. Muuzaji aliniuliza naandaa sherehe gani. Nikamwambia ya baba yangu, akanichagulia jani pana lisilo na mpasuko.

Kwetu anayenyoa ni mtani, na mtani ana kazi nyingine, kumsema marehemu. Anamtangaza kwa ubahili wake, kwa mdomo wake, mpaka watu wanacheka katikati ya kilio. Doha watani wangu wa kweli ningewatoa wapi? Nikamteua Mkenya. Wembe aliuweza, tulipofika mtoni alininyolea kwenye mchanga mbele ya hema, polepole, kama ananyoa mtoto mchanga. Utani ndio uliomshinda. Alisema kwao mtu hachezi na mzee wa mwenzake aliyelala. Mzanzibari naye alikuwa amejitenga kwa heshima. Alisema mambo ya nywele na mababu wa watu yeye hayamhusu, akaingia kwenye kayaki yake ndogo na kwenda kuvua nyuma ya mikoko, mbali na macho yetu.

Kwa hiyo tulibaki watu wawili wa bara. Tukaingia kwenye kayaki ya watu wawili, Mkenya nyuma, mimi mbele na jani langu mapajani, limefungwa kwa uzi mweusi. Maji yalikuwa yanatembea kwa nguvu kuelekea ndani ya mikoko. Najua bahari hujaa na kupwa, mtu haishi Doha asijue hilo. Siku ile lakini sikuwa na akili ya bahari. Niliona maji yanakwenda, na mwili wote ukaniambia ni mto. Nikaliweka jani juu ya maji, nikamwambia baba aende salama. Likashika mkondo, likapita kona. Simu haikuwa na mtandao pale, nikasema nitampigia mama tukitoka.

Jua lilipoanza kulegea Mzanzibari alirudi na mkizi wa kutosha. Nilikuwa nimechutama ukingoni nawapara magamba. Ndipo nikaliona. Lilikuja taratibu kutoka ileile kona, limelowa, uzi wake mweusi vilevile, likagusa ubavu wa kayaki yetu iliyokuwa nusu majini, likatulia hapo.

Nitasema kama ilivyokuwa. Kabla ya hofu, nilisikia furaha. Moyo uliruka jinsi ulivyokuwa unaruka nilipokuwa mdogo na kumwona baba anatokea. Kisha nikamkumbuka mama kwenye mkeka, kisu kikaniponyoka. Maji yalikuwa yamekataa. Ningemwambia nini?

Mkenya alikuja akaliinamia lile jani.

"Buda, mzee amerudi," akasema. "Ameskia huku Qatar kuna job."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope, na katikati ya kicheko kilio kikaja, kile ambacho hakikuja kibandani wala kanisani. Yeye akaogopa, akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia hapana, hiyo ndiyo kazi yake, ameifanya.

Mzanzibari ilibidi aambiwe yote tangu mwanzo. Aliposikia tulitupa saa ngapi alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino.

"Maji yalikuwa yajaa, bwana," akasema. "Umempeleka baba yako kichakani. Yalipoanza kupwa yakamrudisha. Mimi nilikuwa hapo nyuma tu, si mngeniita?"

Nikamwomba tuliachie jani tena saa ile ile. Akasema maji yale yamekwisha nguvu, yangeliacha njiani kwenye tope. Tukalala nalo. Niliweka jani ndani ya hema, karibu na kichwa, na nililala vizuri kuliko siku zote tangu habari ya msiba ifike.

Siku ya pili hakuna aliyetupa mshipi. Tulisubiri maji yajae, yasimame, yaanze kupwa, kisha tukapiga kasia wote watatu hadi pale mikoko inapokwisha na bahari kufunguka. Mzanzibari alikuja bega kwa bega na sisi, midomo yake inatembea, sikumuuliza anasoma nini. Nililiachia jani. Lilikwenda moja kwa moja, likawa doa, kisha sikuweza kulitofautisha na mawimbi.

Simu iliposhika mtandao nilimpigia dada, akamwekea mama sikioni. Aliuliza kama mto umechukua. Ningeweza kusema ndiyo na kunyamaza, lakini alikuwa amekaa chini kwa siku zote zile kwa sababu hakutaka uongo. Nikamwambia ule si mto. Nikamwambia jani liliondoka, likapita kona, kisha likarudi mpaka kwenye kayaki, na tumeliachia tena leo na sasa limekwenda.



"Chumvi," mama akasema. "Siku zote alikuwa anasahau chumvi."

Kisha nikasikia simu inawekwa chini, na watu wanasogezana, na sauti ya dada akimwambia mtu amshike mama mkono wa kulia. Alipoirudia simu alikuwa analia. Aliniambia mama ameinuka, anakunja mkeka.