Mstari wa Tatu wa Fomu ya Phineas

Mwaka 1957, Phineas, msaidizi wa daktari wa mifugo pale Mwatate, alikuwa na fomu ambayo wenzake wangeililia. Chuo cha mifugo huko Uingereza kilikuwa tayari kumsomesha zaidi, achague mstari mmoja kati ya mitatu: minyoo, vijidudu vya damu, au magonjwa yanayotoka kwa mnyama kumwingia mtu. Kesho yake asubuhi alitakiwa Nairobi aeleze chaguo lake. Asipotokea, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Ilibidi apande treni ya jioni kutoka Voi.

Chaguo halikumsumbua; ng'ombe wa Kishushe walikuwa wanakwisha kwa vijidudu vinavyoletwa na mbung'o, angesoma damu. Kilichomsumbua ni mama yake, Mkamburi. Siku tano mama hakuwa amemsemesha. Ng'ombe wake alikufa, Phineas akapima tone la damu la sikioni kwa darubini, akaona kimeta, ugonjwa unaoua hata watu. Akaamuru mzoga uzikwe mbele ya ndugu waliokuja na visu vyao. Mama aliona aibu ya mwaka.

Na kwa Wadawida, kabila lake, hasafiri mtu mzazi wake akiwa na kinyongo. Lazima mzazi akutase: apige funda la maji, ayateme, atamke kwamba hasira imemtoka. Phineas alisoma, akabatizwa, na bado miguu ilikataa kupanda lori la kwenda Voi. Usimcheke, hata wewe una yako.

Alwi, dereva wa lori la mkonge, alipiga honi. "Bwana Phineas, wallahi sikungoji tena. Treni hutaidiriki!"

Ndipo Mkamburi akatokea na kibuyu cha maji. Phineas nusura alie kwa furaha. Lakini mama alikishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulifungwa leso.

"Mkono una nini, mama?"

"Mwiba tu. Inama nikutase."

Phineas aliifungua leso kwa nguvu. Kidonda cheusi tii, kimevimba pembeni. Akakibonyeza. "Unauma?"

"Hata."

Kidonda cheusi kisichouma ni cha kimeta. "Mama, ulimkata yule ng'ombe!"

"Bega ni fungu la mjomba wako, ningemnyimaje? Nilikata kabla hujafika. Uliposema ni sumu nikaogopa, nikalizika mwenyewe." Akainamisha uso. "Nilikuamini, mwanangu. Ila sikutaka ujue."

Phineas alijikasirikia kupita kiasi. Mtaalamu mzima, siku tano anaogopa kinyongo cha mama, asiulize ni nani aliyeushika mzoga!

"Geuza gari, Alwi. Hospitali, kule mlimani."

"Na treni?"

"Geuza!"

Sindano za penisilini zilimchukua Mkamburi siku nane. Nafasi ilipewa mtu wa minyoo. Siku ya kutoka hospitali, mama alimuuliza angesoma nini huko Uingereza.

"Nilitaka damu," Phineas alisema. "Wakiniita tena mwakani, nitachagua mstari wa tatu, nisome ugonjwa huu uliotaka kuninyang'anya mama."

Mkamburi akaomba maji. Akapiga funda kubwa, akamtemea kifuani, akasema hasira imekwisha. Kikombe alikishika kwa mkono wa kulia.