Kuipeleka Baiskeli Sur kwa Magurudumu Yake

Mwezi wa Januari, mwaka 2003, kaka yangu alifariki mjini Ibra. Moyo ulisimama wakati anavaa viatu kwenda kusali Adhuhuri. Watu walisema amekufa vizuri.

Aliacha nyumba, mitende kidogo na baiskeli nyeusi ya chuma. Nyumba na mitende vilikuwa na warithi. Baiskeli ilikuwa ya dada yetu, aliyeolewa mjini Sur. Tulipokuwa watoto Unguja, kaka alimpakia dada kwenye keria kumpeleka chuoni kusoma Kurani. Tulipohamia huku ng'ambo ya bahari akanunua baiskeli hii kwa Mhindi wa sokoni, na kila Idi akimpigia dada simu alimwambia, "Hii yako. Nitakuletea mpaka Sur, na haitapanda gari." Hakuwahi kuipeleka. Wanawe wana magari na waliona aibu baba yao kuendesha baiskeli.

Siku ya tatu ya matanga, dada alinishika mkono mlangoni.

"Na baiskeli yangu?"

"Nitakuletea."

"Kwa magurudumu yake?"

"Kwa magurudumu yake, dada."

Nilisema kama watu wanavyosema matangani, ili mwenzako apoe. Dada yeye aliondoka nayo kama ahadi.

Basi nikatoka Ibra baada ya Alfajiri, kanzu nimeikunja kiunoni, ndani suruali. Kwa siku zile, mtu mwenye kanzu juu ya baiskeli kwenye barabara kuu ni mtu aliyepatwa na jambo. Wenye baiskeli walikuwa Wabangali, vibarua wa mashambani, nao walinipungia mkono kwa huruma, kama nimeshushwa cheo.

Sijafika mbali, gari ikasimama, bwana mmoja akatoa kichwa.

"Gari yako imeharibikia wapi?"

"Haijaharibika."

"Wamekunyang'anya leseni?"

"Leseni ninayo."

Akaniangalia miguu. "Basi daktari kakuandikia mazoezi."

Nikamwambia kweli: kaka amekufa, nampelekea dada baiskeli yake. Hapo ndipo nilipoharibu. Ukitaja maiti katika mkoa wetu huu wa Sharqiyah, umeshafika, huendi tena. Bwana yule alizima gari, akatandika mkeka juu ya changarawe, akatoa chupa ya kahawa na tende, akanipa mkono wa tanzia. Akauliza maradhi, kaburi, nani alimwosha. Kisha akampigia simu jamaa yake wa mbele, na huyo akanisubiri barabarani na kahawa yake, naye akampigia wa mbele zaidi. Kaka alizikwa Ibra, lakini matanga yake yalikaliwa ukingoni mwa lami mpaka Bidiya. Kwa kahawa ile mikono ikawa inanitetemeka kwenye usukani. Wakaambiana, "Maskini, huzuni."

Nikalazwa Bidiya, nyumbani kwa mmoja wao. Nasema nikalazwa kwa sababu sikuulizwa rai.

Siku ya pili, Al Kamil, mzee mmoja alikuwa kasimama njiani kunisubiri, mlango wa nyuma wa pikapu yake ushafunguliwa. Alizaliwa Tabora na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Akanipeleka kwake, tukala wali na mbuzi, tukanawa.

"Haya, bwana mdogo. Baiskeli nyuma, wewe mbele, twende Sur."

"Mzee wangu, hii haipandi gari."

"Nani kasema?"

"Marehemu."

"Marehemu hakuyaona malori ya barabara hii. Panda."

"Siwezi, mzee."

Akasimama, akainua kidole. "Wallahi, mke wangu ameachika kama leo hupandi gari langu!"

Kwetu wanaume huapa hivyo kwa jambo lolote: nani atalipa, nani atangulie mlangoni, nani ale kipande cha mwisho. Hawakumbuki kwamba mke yumo nyumbani na ana masikio. Nikawa nimekaa pale, mkono mmoja nimeshika neno la kaka, na mwingine ndoa ya mwanamke ambaye wali wake bado ulikuwa kooni mwangu.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Nimeachika tena?"

"Hujaachika, mama watoto. Nimeapa tu."

"Juzi nusura niachike kwa mbuzi. Leo naachika kwa baiskeli. Hebu rudia, umesemaje?"

Mzee akarudia polepole, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

"Umesema mpaka Sur?"

"Sikusema."

"Umeitaja baiskeli?"

Akafikiri. "Baiskeli sikuitaja."

"Basi mpandishe mgeni, mzunguke nyumba, mshushe. Baiskeli iache ukutani. Mimi nimalizie vyombo nikiwa bado mke wa mtu."

Tukazunguka nyumba. Mzee alifunga mkanda na kuwapigia mbuzi honi. Nikashuka, nikamshukuru mama kupitia pazia, nikapanda baiskeli.

Lakini mzee hakuwa na moyo wa kuniacha. Akanifuata nyuma polepole, taa zote zinawaka na kuzima, mpaka Sur. Waliokuja nyuma yetu walidhani harusi, wakapiga honi. Waliotoka mbele walidhani mazishi, wakapunguza mwendo. Mimi nilikanyaga tu, na kwa mara ya kwanza tangu kaka afe nililia bila kuulizwa kitu na mtu.

Tulifika wakati wa Magharibi. Dada alikuwa mlangoni. "Shikamoo, dada," nikasema. Hakuitikia mpaka alipokwisha kuyaangalia matairi.

"Marahaba. Haikupanda gari?"

"Haikupanda. Mimi nilipanda, tukaizunguka nyumba ya mzee huyu."

Alipapasa keria kwa kiganja mpaka mzee nyuma yetu akazima taa zake. Kisha akakusanya buibui lake, akakaa juu ya keria pale pale mlangoni. Mimi nikashika usukani isianguke.

Shemeji akatoka ndani mbio. "Mzee, wallahi huondoki hujala!"

"Kwa talaka?" dada akauliza, bado amekaa.

"Kwa Mungu tu," shemeji akasema.

Mzee akavua viatu, akaingia kula.