Aciro Alipoenda Kumsalimia Nyanya Yake

Juzi niliona lori limebeba godoro na masufuria, nikamkumbuka Aciro.

Baba yake alikuwa polisi, wangu fundi Mkenya wa vyuma pale mtaani Katwe, na vyumba vyetu vilitazamana. Pasaka ile tulikuwa na siku nne bila shule. Tulikwenda kanisani pamoja mpaka sauti zikakauka kwa nyimbo. Jumatatu mchana tulikaa uani tukimenya matoke, vidole vimenata utomvu, nyundo za mafundi zikigonga ng'ambo ya ukuta.

Lori likaja. Mama yake akaanza kutoa vitu nje.

"Tunaenda kumsalimia nyanya," Aciro aliniambia.

"Na kitanda?"

"Nyanya hana kitanda."

Nilimwamini, na nadhani yeye pia aliamini. "Uniletee simsim," nikamwambia, nikarudi kwenye matoke yangu bila hata kumpa mkono.

Mama yangu aliwaaga akifuta macho. Nilidhani ni moshi wa makaa. Leo najua baba yake Aciro alikuwa amehamishwa kaskazini, na wazazi wetu waliona heri watuache tumalize sikukuu kwa furaha.

Jioni niliosha vyombo vyetu na sufuria waliyotuachia, huku nikiimba. Jumapili iliyofuata nilimwekea Aciro nafasi kwenye benchi, nikaizuia kwa kiganja kila mtu alipotaka kukaa.

"Sogea kidogo, mwanangu," Mama akaninong'oneza. Akakaa hapo yeye mwenyewe, akanishika mkono mpaka ibada ikaisha.