Mama Mkwe Ndani ya Beseni

Wakati wa vita, tuliporudi Baraka kutoka Ubwari tulikokimbilia, parokia iliamua kutundika picha za zamani ukumbini, ili watu wakumbuke kwamba waliwahi kuvaa vizuri. Kazi ya kuziokoa zilizoharibika nilipewa mimi. Kabla ya vita nilikuwa naosha picha kwenye studio ya sokoni, na kwa ujuzi huo nilijiona daktari. Nilimgombeza kila aliyezigusa, hata padri.

Shangazi yangu alikuja na mkebe wa maziwa ya unga. Mtumbwi aliokimbilia Ubwari ulikuwa umeingiza maji, na picha zake mbili zilikuwa zimegandana uso kwa uso: ya mume wake na ya mama mkwe wake. Mume huyo aliuawa kwenye njia ya Lulimba. Habari ilifika, mwili haukufika. Ndugu zake walisema matanga bila mwili wala picha si matanga. Watu watamlilia nani? Basi ulikuwa mwaka wa tatu, na shangazi hajamlilia mumewe.

“Ona,” akaniambia. “Hata mu mukebe, mama yake anamukamata.”

Nikazitia kwenye beseni la maji baridi, nikamweleza kwamba dawa ni subira tu: maji yenyewe yataziachanisha, lakini ukivuta, ngozi ya picha inatoka. Shangazi na subira ni ng'ombe na mtumbwi. Alivuta kiti, akaanza kusema na beseni.

“Mama, umuachie sasa. Miaka yote ulisema sijue kupika bugali. Ni sawa, sijue. Lakini umuachie.”

Nilicheka mpaka machozi, na katika kucheka huko mkono wangu wa kidaktari ukavuta kona. Suti ya marehemu ikabaki kifuani kwa mama yake, pamoja na sikio moja. Niliona aibu, nikashindwa kumtazama shangazi.

Uso lakini ulitoka mzima, wa njano kidogo. Nikaunusa. Mawese.

“Shangazi, uliipakala mafuta?”

“Mbele ya kukimbia, kila siku ya yenga, siku ya Mungu. Nikipakala batoto mbele ya kwenda kanisa, ile inabakia mu kidole ninamupakala na yeye. Akauke uso juu ya nini?”

Nilifundishwa kwamba mafuta ni adui wa picha: yanaigeuza rangi, yanaita vumbi na mende. Mtu mwingine ningemsema mpaka jioni. Siku ile mafuta ndiyo yaliyozuia uso usigandane, na mimi fundi ndiye niliyemvua marehemu suti. Nikaikausha kivulini, nikaitundika ilivyo: uso, sikio moja, na weupe mtupu chini yake.

Siku ya kufungua ukumbi nilisimama mlangoni, tayari kuwakemea wageni. Shangazi akaingia na mikeka. Nyuma yake wakaja wamama wa mtaani, kisha wale ndugu wa mumewe, kofia mikononi. Hawakutazama picha nyingine hata moja. Wakavua viatu, wakatandika mikeka chini ya ile ya marehemu, wakaketi na kunyoosha miguu.

Nikamkimbilia, nikamnong'oneza, “Shangazi, hapa ni pa kuangalia picha. Batu banapita.”

“Bapite,” akasema. “We, sogea. Unamufunika.”

Nikasogea. Ndipo akapiga yowe, na ukumbi mzima ukamwitikia.