Jani Kwenye Tofali

Juzi, tulipobomoa jiko la zamani kule Busunzu, nilikuta ukutani tofali lenye alama ya jani la muhogo. Nikamkumbuka mjomba, aliyekuwa mwalimu Kasulu, na alasiri aliyomletea dada yangu Neema jiwe lenye jani ndani yake.

"Hiki ni kisukuku," alimwambia. "Wazee wetu walisema tu kimekuwa ibuye, kimekuwa jiwe. Jina hili limekuja na vitabu. Kitu kikifukiwa kabla hakijaoza, ndipo kinageuka."

Mimi hakuniletea kitu. Neema akawa analitafuna lile neno kama pipi, kisukuku, kisukuku, na jiwe hata kuligusa akaninyima.

Nikaenda nyuma ya nyumba, baba alikokuwa akifyatua matofali. Udongo ulinukia kama mvua ya kwanza. Nikakandamiza jani la muhogo kwenye tofali bichi, nikachuchumaa hapo nikisubiri ligeuke jiwe kabla ya kuitwa kula. Jua likazama, jani likabaki jani. Baadaye lilichomwa pamoja na tofali, ikabaki michirizi yake tu.

"Hilo ni tofali," Neema alisema.

Basi juzi nikalipiga picha, nikamtumia. Sasa ni bibi wa wajukuu wawili. Akajibu hapo hapo: "Jiwe langu bado ninalo."

Nikaweka simu chini. Miaka yote hii nilidhani ule wivu ulishaoza. Kumbe niliufukia mapema mno.